Shimo Katika Ngano ya Vlasta

Mke wangu Vlasta tumemzika Jumanne. Mimi shule niliiacha mapema nikapanda trekta, kwa hiyo nitasema kwa kifupi.

Alizaliwa kwenye shamba hili hili, magharibi mwa Nebraska. Alipokuwa msichana, jeshi lilichukua kipande katikati ya ngano ya baba yake, likachimba shimo, likashusha kombora, likazungusha uzio. Kamandi ya jeshi inayosimamia silaha hizo iko mbali, upande wa Omaha. Kabla ya mashimo ilikuwa na ndege zilizozunguka angani na mabomu tumboni, ili Warusi wajue kwamba wakipiga watapigwa. Uhasama ule ulipopoa, kamandi ikabadilishwa jina. Shimo likabaki. Tulilima tukilizunguka.

“Mbwa mkali hana haja ya kuuma,” ofisa mmoja alimwambia baba yake. “Kazi yake ni kuonekana.”

Vlasta aliliamini neno hilo.

Alikuwa mtu wa kulisha watu. Mafundi wa jeshi walipokuja kwenye uzio, aliwapelekea kahawa na mikate midogo ya jamu ya matunda ya plamu, ile ya Wacheki wa kwao. Mara ya kwanza mlinzi alimzuia, bunduki mkononi. Vlasta akaweka sinia juu ya boneti ya gari, akarudi nyuma.

“Nipigeni risasi mkishakula,” akasema.

Royce Tillery alikuwa ofisa kijana, mmoja wa wale wanaokaa zamu chini ya ardhi na funguo za makombora. Tufani ya theluji ilimkwamisha barabarani, akalala kwenye kochi letu mpaka njia ikafunguliwa. Alimmenyea Vlasta viazi. Sisi hatukujaliwa mtoto. Tangu hapo akawa anakuja kila mavuno, akimwita mama. Akapanda vyeo, mpaka wakamchukua kule kamandi.

Masika yaliyopita alikuja kwa kazi. Makombora ya zamani yanaondolewa, yanawekwa mapya, na walihitaji kipande kingine cha shamba. Shamba ni la Vlasta, na aliniambia asubuhi ile kwamba atakubali, kwa sababu aliyetumwa ni Royce.

“Mama, umenenepa.”

“Na wewe umeota upara. Kaa ule.”

Akala. Vlasta akamuuliza jambo alilosikia kwa jirani.

“Mwanangu, nyambizi mnazo, ndege mnazo. Mashimo haya ya nini tena?”

Royce alifuta mdomo. “Adui akitaka kutumaliza, lazima ayapige kwanza haya yote. Yanakula mabomu yake.”

“Yanayala wapi?”

“Huku.”

“Huku wapi?”

“Hapa, mama.”

Vlasta akatazama kochi. “Ulipolala pale, ulijua?”

“Kazini kwetu kila mtu anajua. Nilidhani na ninyi mnajua.”

“Sisi tuliambiwa habari za mbwa.”

“Mbwa hufungwa mahali ambapo mwizi atakutana naye kwanza.”

“Na anayelala kando ya mbwa?”

Royce akasogeza sahani kando.

“Miaka yote umekula kwangu ukijua mimi ni chambo.”

“Si chambo, mama.”

“Basi niambie mimi ni nini.”

Vlasta hakupandisha sauti. Alimfungia Royce mikate iliyobaki, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akamwambia asirudi. Sahihi ya kutoa ardhi hakutia. Royce alipiga simu mara nyingi, hata Vlasta alipokuwa hoi kitandani. Nilimsogezea simu, akatikisa kichwa.

Jumanne Royce alikuja. Alisimama nyuma kabisa kanisani. Baadaye, kina mama walipokuwa wakigawa chakula cha msiba, akachukua sahani akaja kukaa karibu nami.

“Mzee, alisema lolote juu yangu?”

“Alisema hukuwahi kumdanganya. Alisema afadhali ungemdanganya.”

Akainamisha kichwa. Nikadhani analia, nikataka kumshika bega. Kumbe anatafuta maneno.

“Shamba sasa ni lako,” akasema taratibu. “Kule kamandi wameniomba nikuulize.”

Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye viatu vyangu. Nikamwambia hapana. Kisha nikamwondolea sahani.