Viini Vikishaungana

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kijijini kwetu Nkololo na mizani zao, ndugu walikuja kutugawa. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini miezi mitano tu baadaye. Mimi, binti mkubwa, nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili niwalee wadogo zangu watatu.

Baba mdogo alikuja na mzee mmoja wa ukoo. Mjomba, kaka yake mama, alikuja peke yake. Hawakugombana. Waliwapanga wadogo zangu mbele ya nyumba, wakawakagua kama tunavyochambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Anayefanana na baba aende kwa baba mdogo, anayefanana na mama aende kwa mjomba.

"Masikio haya ni yetu," baba mdogo alisema, akimshika mdogo wangu wa kiume, ambaye tayari aliweza kuchunga. "Ndama hufuata dume."

"Na huyu binti ni dada yangu mtupu," mjomba akasema. "Tazama hata vidole vya miguu."

Kitindamimba, aliyekuwa akikohoa tangu mvua zianze, walimgeuza mara mbili. Hakufanana na upande wowote.

"Huyo labda wa jirani," yule mzee alisema, akacheka.

Nikainuka. "Shikamoo zenu nimeshatoa. Sasa nisikilizeni."

Niliwaambia alichotufundisha mwalimu wa baiolojia. Mtoto haanzi na masikio. Anaanza na viini viwili, cha baba na cha mama, kila kimoja kimebeba nusu, vinaungana ndani ya yai na kuwa kimoja. Pamba ni hivyo hivyo: chavua ikitua kwenye ua, kiini chake hushuka mpaka kikutane na cha yai. Vyura wa dimbwini ni hivyo hivyo. Hata uyoga tunaookota porini: viini vyake hukaa viwili viwili muda mrefu, kama wachumba wasio na nyumba, lakini mwisho huungana.

"Mayu, mama yangu, kwani uyoga una mume?" baba mdogo aliuliza. Wakacheka wote watatu.

"Hauna. Na bado vinaungana. Vikishaungana, hakuna awezaye kuchambua hiki cha baba, hiki cha mama. Huyu mnayemwita wa jirani ana nusu ya baba na nusu ya mama, sawasawa na hao mliowachagua. Kama mnafuata damu, mchukueni yeye kwanza. Nani anamtaka?"

Mjomba alitazama viatu vyake.

"Nani?"

Mzee akajikohoza. Mtoto naye akakohoa.

"Basi haondoki mtu."

"Utawalisha nini?" baba mdogo aliuliza, tayari amesimama.

"Nitakacholima."

"Njaa ikifika utatuita."

Waliondoka kabla ugali haujaiva. Mwaka uliofuata mvua ilikata mapema, na njaa ikafika kweli. Sikuwaita.