Mlezi wa Pampu

Shangazi yangu alivunjika mkono kwenye sakafu ya kisima ambayo haikuwa kazi yake peke yake kuisugua. Naanza na hilo kwa sababu wenzangu wa mtaani wanapenda kuanza na mengine.

Wanapenda kuanza na mwaka kiwanda cha nguo kilipofungwa. Kweli, ulikuwa mwaka mbaya. Mto ulikuwa umeshakauka nusu, mabomba yanatoa upepo mtupu, na wanaume waliozoea ovaroli walishinda vibarazani wakijikuna videvu. Shangazi, ambaye kiwandani alikuwa anatia mafuta mashine, ndiye aliyewainua. Wakafukua kisima cha zamani nyuma ya karakana, wakafunga pampu ya mkono, wakalima mboga kando ya mfereji unaotoka hapo. Mbegu wakazitunza kwenye chumba kimoja, kila nyumba na fungu lake. Pampu ikawekewa zamu: wiki hii nyumba hii, wiki ijayo ile, kusugua sakafu, kukaza bolti, kutia grisi. Kila nyumba ilitoa mtu afundishwe kuifungua yote na kuirudisha. Shangazi alisema asiyejua kuifungua asidai kwamba ni yake.

Sitawanyima haki yao, enzi zile walifanya kazi. Mitaa mingine ilikuwa inakimbizana na magari ya maji, sisi tunachuma nyanya zetu.

Tatizo, shangazi ana mikono myepesi kusaidia. Mtu akiwa kwenye zamu, bolti ikimsumbua kidogo, anapita dirishani: "Shangazi, hebu njoo unishikie hapa." Akishashika, mwenzake anakumbuka kwamba ana safari. Taratibu, kushika zamu kukawa ni kuja kumjulia hali asubuhi na kumwachia ndoo na brashi.

Kisha wakafanya jambo ambalo sijui kama mtaa mwingine ungeliweza: wakamheshimu. Kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, aliitisha mkutano, akasema mama kama huyu hastahili kuwekwa kwenye zamu kama mtu yeyote tu. Wakamtoa kwenye zamu, wakamwita Mlezi wa Pampu, wakamkabidhi spana zote mbele ya watu, vigelegele mpaka masikio yakaziba. Na zamu yenyewe ikafa siku hiyohiyo. Mlezi yupo, zamu ya nini tena? Shangazi alirudi nyumbani anatabasamu, masikini, hajui kwamba amevishwa kilemba cha ukoka. Nilimwambia. Akanijibu kwamba nina roho mbaya kama baba yangu, ambaye ni kaka yake, na hapo tukaishia.

Wageni walikuwa wanakuja kutoka mitaa mingine kujifunza. Kinyozi anatoa kifua: "Sisi hapa tunajitegemea. Hatumsubiri mtu." Mimi nimesimama nyuma nauma meno. Mtaa mzima ulikuwa unamtegemea mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu, halafu unajiita unajitegemea!

Asubuhi moja shangazi akateleza kwenye utelezi wa kijani uliojaa sakafuni. Hospitali walimfunga plasta mpaka karibu na kwapa, wakamkataza kunyanyua hata sufuria. Hakutoa chozi. Aliuliza tu nani atatia grisi. Hakuna aliyetia, na wiki haikuisha pampu ikagoma. Ndani yake kuna kikombe cha ngozi kinachovuta maji juu, kilikuwa kimechakaa. Mboga zikaanza kusinyaa.

Wakaja. Kinyozi, fundi cherehani wa nyumba ya pili, na wengine wamejazana mlangoni.

"Shikamoo, shangazi. Pole sana. Pampu haivuti."

"Marahaba. Hata mimi sivuti," shangazi alijibu kutoka kitandani.

"Tumekuja kukuchukua. Hutashika kitu, utatuelekeza kwa mdomo tu."

Nikachungulia nje. Walikuwa wamekuja na toroli la kubebea mchanga, na ndani yake wameweka mto. Mto wenye foronya ya maua!

"Mmemletea mgonjwa toroli? Hivi nyie mna haya kweli?"

"Dada, usipandishe sauti," kinyozi akasema. "Mboga zinakauka."

"Na zikauke!" nilisema, na sikuwa natania, ingawa mboga hizo hata mimi nazila.

Shangazi akaniinulia mkono mzima ninyamaze. "Toroli limeshakuja, lisirudi bure. Nendeni mkaing'oe pampu, muilete hapa."

Wakatazamana, wakaenda. Waliporudi waliilaza juu ya gunia katikati ya chumba, maji machafu yanachuruzika hadi chini ya kitanda. Wakasimama kusubiri. Shangazi alikuwa amefumba macho.

"Tuanzie wapi, shangazi?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Shangazi?"

"Nimelala."

Fundi cherehani akakohoa, akaokota spana, akaanza na bolti ya chini, inavyotakiwa. Kinyozi akashika bomba bila kuambiwa. Mtu mmoja akasema, "Geuzia huku, hiyo inafunguka kinyume," na kweli ilikuwa inafunguka kinyume. Wakachomoa kikombe kilichochakaa, wakakata kingine kutoka kwenye mkanda wa zamani wa mashine, wakapaka grisi, wakarudisha chuma juu ya chuma. Hakuna aliyeuliza kitu. Walikuwa hata wanapiga soga. Maharage niliyobandika yalikuwa bado magumu walipokaza bolti ya mwisho.

Walikuwa wanajua. Miaka yote aliyokwenda kisimani alfajiri na magoti yake yale, walikuwa wanajua.

Kinyozi akajifuta grisi kwenye gunia, uso umemchangamka. "Kumbe si kazi kubwa, shangazi!"

Shangazi, ambaye hakulia alipovunjika mkono, aligeukia ukutani akalia. Wakaanza kukusanya vitu vyao wapate kuondoka. Nikasimama mlangoni, na sikumpisha mtu mpaka shangazi alipomaliza kulia.