Mama wa Kwenye Kishikwambi

Mimi si mtu wa subira, na vitu vya kuchaji vinanimalizia hata ile kidogo niliyonayo. Vishikwambi vilipoletwa shuleni kwetu, huku juu milimani Usambara, njia ya kwenda Gare, nilivifungia kabatini. Nilikuja kukitoa kimoja kwa ajili ya mtoto mmoja.

Alikuwa binti wa darasa la tatu, analelewa na bibi yake anayelima kabichi na karoti bondeni. Darasa alishalirudia. Ukimwandikia neno ubaoni, herufi zilimchezea: b ikawa d, mstari wa juu ukaingia wa chini, naye akabaki anatafuna ncha ya mtandio wake. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi kwamba asiyeweza kusoma ukurasa mmoja mbele yake kabla ya kufunga muhula, atarudi kukaa na watoto wa darasa la kwanza. Bibi naye akapanda kuja kuniona.

"Mwalimu, wakimrudisha tena, mimi nitakwenda naye shambani. Mtoto anaona aibu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Kwenye kishikwambi kulikuwa na programu ya kuwasaidia watoto wanaopata shida ya kusoma. Sauti ya mwanamke inasoma polepole, na kila neno linapofikiwa linageuka njano, mengine yote yamefifia. Mtoto anasoma, programu inamsikiliza. Akipatia anapanda hatua, akishindwa anarudishwa kwenye silabi.

Mwanzoni nilifurahi mpaka nikajishangaa. Ile njano ilimshika binti asipotee njiani. Kwenye silabi, sauti ilitamka kisha ikanyamaza kumngoja, naye akaitikia vizuri. B na d zikaacha kugombana. Akapanda mpaka hatua ya hadithi, na hapo akakwama.

"Soma pamoja nami," sauti ilimwambia, ikaanza. Binti kimya, midomo ameifunga. Hadithi ikaisha, kishikwambi kikaandika "Jaribu tena," kikamrudisha ba be bi bo bu. Akapanda tena, akafika kwenye hadithi, akanyamaza tena. Muhula ulikuwa unakatika. Nilibadilisha kishikwambi, nikabadilisha hedifoni, nikamlaani aliyetengeneza programu ile, ambaye nina hakika hajawahi kuonja baridi ya Usambara. Usingizi ulianza kunipaa.

Siku moja nikaacha kutazama kioo, nikamtazama yeye. Sauti ilipoanza, aliinamisha kichwa kidogo na kukunja mikono mapajani. Lakini macho yalikwenda na ile njano, neno kwa neno, bila kuteleza.

"Hayo maneno huyajui?" nikamuuliza.

"Nayajua, mwalimu."

"Sasa mbona husomi?"

Alikitazama kishikwambi kwanza, kisha akanijibu kwa sauti ya chini, asije akasikiwa.

"Mama anaongea, mwalimu. Nitamkatizaje?"

Nilicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani. Huku kwetu mtoto haachi shikamoo, na mkubwa akifungua mdomo, wewe unafunga wako. Mimi mwenyewe nilikuzwa hivyo. Binti alikuwa anamsubiri mama wa watu amalize, na mama akimaliza, kishikwambi kimeshaziba masikio. Siku zote hizo nilikuwa natafuta kasoro kichwani mwake, kumbe ni adabu tu. Kifua kikanifunguka. Nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumrekebishia mtandio.

Nikahangaika na vitufe mpaka nikapata namna ya kuzima sauti na kuiacha njano peke yake.

"Mama amekwenda kupumzika," nikamwambia. "Zamu yako."

Akafuta viganja kwenye sweta, akasoma. Alijikwaa, akarudi, akaendelea. Mimi niligeukia ubaoni nikajifanya nafuta, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka anione.

Siku ya kusoma mbele ya mwalimu mkuu, ukungu ulikuwa umefika mlangoni mwa ofisi. Bibi alikaa kwenye benchi, viatu vina udongo wa shamba. Safari hii hapakuwa na njano wala mama wa kumtangulia, ni kitabu cha kawaida tu. Binti akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Penye neno refu alilikatakata, akaliunga, akapita.

Katikati ya ukurasa mwalimu mkuu akasema, "Inatosha. Huyu anabaki darasani kwake."

Binti hakunyamaza. Ukurasa ulikuwa haujaisha. Bibi akataka kumkemea kwa Kishambaa, mwalimu mkuu akamzuia kwa mkono. Tukakaa kimya, sisi watu wazima watatu, tukamngoja amalize.