Mwalimu Bujiku na Migongo ya Watu

Mwalimu wetu wa kwaya, Bujiku Mayala, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa shingoni. Akisimama mbele kutuongoza, mikono inakwenda vizuri kabisa, lakini shingo imegeuka nyuma kutazama watu. Nani anatikisa kichwa, nani anapiga miayo, nani ametoka nje kwa kumsingizia mtoto. Ibada ikiisha tunapewa taarifa.

"Leo wamesimama kumi na tisa. Jumapili iliyopita walikuwa ishirini na wanne. Sauti ya pili mlilala."

Sauti ya pili ni mimi na Serafina, na hatukuwa tumelala.

Nimeimba chini yake miaka kumi na minne hapa Mwakitolyo, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Siku za wiki Bujiku ni mhunzi. Tindo zinazobutuka kwa wachimbaji asubuhi zinaletwa kwake mchana, anazitia motoni, anazigonga, zinarudi duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na ncha mpya. Mikono yake imejaa makovu ya cheche, lakini moyo wake ni laini kuliko uji wa mgonjwa. Mume wangu alipolala kitandani msimu mzima, Bujiku alikuja na ng'ombe wake na plau akanilimia shamba la pamba, na hajalitaja jambo hilo hadi leo. Mtu mwema. Ni ile shingo tu.

Shingo ile aliipata kwenye ngoma. Kwetu Usukumani mashindano ya ngoma hayataki majaji wala kikombe. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati uleule, kila kundi upande wake, na watu wanakimbilia wanakopendezwa. Upande wenye umati ndio umeshinda, na upande uliobaki mweupe unafungasha ngoma zake. Baba yake Bujiku, Mzee Mayala, alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa kundi la Bagalu, na wanaomkumbuka wanasema hakuwahi kubaki peke yake uwanjani. Bujiku alipotimiza miaka ishirini na miwili, baba akamkabidhi kundi kwa mara ya kwanza, kule Ushetu, baada ya mavuno. Bujiku akaimba. Watu wakaondoka. Alipogeuka alikuta amebaki na wapiga ngoma wawili na mbwa, na mbwa mwenyewe amelala.

Mwaka uliofuata akaokoka. Akaacha ngoma, akatupa na dawa za kuvutia watu. Mzee Mayala hakugomba wala hakumfukuza. Alisema neno moja tu: "Umekimbilia kanisani kwa sababu umeshindwa uwanjani."

Neno hilo lilimkaa Bujiku kifuani miaka thelathini na mitatu kama mfupa wa samaki. Kila mwaka alimwalika baba yake. "Baba, njoo usikie tu tunachoimba." Kila mwaka mzee alijibu kwamba ng'ombe wanaumwa.

Mwaka juzi vijana wa kanisa wakaanzisha kwaya yao. Kiongozi wao ni Loveness, binti anayeuza chai na maandazi kwa watu wa karasha, pale mawe yanaposagwa. Karasha hainyamazi mchana kutwa, na Loveness anatangaza maandazi yake juu ya kelele zote hizo akasikika, basi pima mwenyewe sauti yake. Wakajinunulia kinanda, jenereta, na spika mbili zenye kimo cha mbuzi. Wakashona sare za kitenge cha njano. Na wanaruka, hao watoto, utadhani ardhi inawaunguza.

Mwalimu wetu akaumwa kweli. Jumatatu akinoa tindo anawaza sare za njano. Jumatano kwenye mazoezi anatuambia na sisi turuke. Sisi, wenye magoti yetu! Serafina alijaribu Jumapili moja, kesho yake akashindwa kuinama kupanda matembele.

Mchungaji Benjamini aliliona tatizo, akamwita Bujiku pembeni. Akamkumbusha habari za Petro, aliyekwisha kuambiwa na Bwana lililo lake, kisha akageuka akamwona Yohana na kuanza kuuliza habari za mwenzake. Akajibiwa kwamba hayo hayamhusu, yeye afuate tu.

Bujiku akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli, mchungaji," akasema. "Lakini Yohana hakuwa na spika."

Hata hivyo neno lilimwingia, maana wiki hiyohiyo alitunga wimbo, na mpaka leo sijaimba wimbo mzuri kuliko huo:

Umeniita kwa jina langu,
Bwana, nakuja.
Njia ya jirani yangu
waijua wewe.

Tukauimba Jumapili. Mwalimu akauongoza shingo ikiwa imegeuka nyuma, anahesabu.

Sasa, mwaka jana, wiki moja kabla ya Jumapili ya shukrani ya mavuno, Mzee Mayala akatuma ujumbe kwamba atakuja. Serafina akauliza kama ng'ombe wamepona. Lakini tulijua sababu. Rafiki yake wa ujanani alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, kanisa likaimba kaburini, na mzee hakuondoka pale mpaka wimbo wa mwisho ulipokwisha.

Bujiku hakulala wiki ile. Baba yake anakuja! Na baba yake hajui kipimo kingine zaidi ya umati. Akituona tumekaa kwenye benchi tunasubiri zamu, huku vijana wanatikisa bati kwa spika, ataondoka na neno lake lilelile la miaka thelathini na mitatu, na pengine hatarudi tena. Ndipo mwalimu akapata wazo. Baada ya ibada, kwaya zote mbili zitoke uani, moja mashariki, moja magharibi, ziimbe kwa wakati mmoja.

Mchungaji alikuwa amesafiri kwenda Isaka kwenye mazishi. Ruhusa ilikuwa mikononi mwa mzee wa kanisa Mwigulu, naye Mwigulu ni Msukuma hasa. Aliposikia wazo hilo macho yakamng'aa. Loveness akakubali kwa kicheko. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza nyimbo mbili za Bwana zitasikikaje zikiimbwa kwa pamoja. Mgeni angetushangaa. Sisi tulikwenda kufua sare.

Jumapili ikafika. Mzee Mayala alikuja amevaa koti la kijivu na kandambili mpya, akawekewa kigoda chake ukutani, upande wetu. Uani pamejaa mahindi, kuku waliofungwa miguu, mabeseni ya matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na watu wengi kuliko Krismasi. Mwigulu akapuliza filimbi.

Tulianza vizuri, namshukuru Mungu. Ubeti wa kwanza watu walikuwa kwetu, labda nusu. Kisha jenereta ikanguruma kule magharibi, kinanda kikaingia, na Loveness akafungua kinywa. Watoto wakaondoka kwanza. Wakafuata mama zao, eti kuwatafuta. Wanaume wakaondoka kinyumenyume, kwa adabu, mpaka walipofika katikati ya uwanja, hapo wakageuka wakakimbia. Tukabaki tunaimbia migongo. Halafu Serafina akaniangalia, nami nikamwangalia. Nakiri mbele ya Mungu na mbele yenu: nilikimbia. Sauti ya pili yote ilikimbia, na wengine wakatufuata. Nyimbo za vijana zilikuwa tamu, na miguu yangu ni ya Kisukuma.

Nilifika nusu ya njia nikakumbuka khanga yangu niliyoiacha kwenye benchi. Nikarudi, na ndiyo maana niliyaona na kuyasikia yote.

Bujiku alikuwa amenyamaza. Amesimama mikono imening'inia, anatazama uwanja. Walibaki waimbaji wawili wa besi, wanaotazama vidole vya miguu yao. Mzee Mayala alikuwa palepale kwenye kigoda.

"Mbona umenyamaza?" mzee akauliza.

"Baba, watu wamekwenda."

"Nimewaona. Nina macho."

"Tumeshindwa, baba."

"Mmeshindwa, tena mapema. Mimi ningekuwa nimefungasha ngoma tangu wimbo wa kwanza." Mzee akamtazama mwanawe, na uso wake haukuwa na mzaha. "Bujiku ng'wanone, mwanangu, ulishindwa Ushetu ukakimbilia huku. Leo umeshindwa huku. Sasa utakimbilia wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze, mimi na khanga yangu. Niliona aibu ya kumwacha mtu yule, aliyenilimia shamba langu bila kuhesabu mistari, akasimama peke yake mbele ya swali kama hilo. Bujiku alifuta uso kwa ncha ya tai.

"Siendi popote, baba," akasema. "Sina pengine. Nilimfuata Yesu, hilo ni kweli. Kisha nikaanza kuhesabu watu."

"Basi mimi ni wa ngapi?"

Bujiku hakuelewa.

"Miaka yote unaniambia, njoo usikie. Nimekuja. Sikio langu la kushoto lilikufa zamani kwa ngoma, na kule kwenye masanduku yenu ya kelele sipati hata neno. Hapa nilikuwa napata maneno. Nikafika katikati, ukanyamaza kwa sababu ya migongo ya watu. Huyo aliyekuita kwa jina lako ni nani?"

Mwalimu wetu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Aliupa uwanja mgongo. Akapiga goti karibu na sikio la kulia la baba yake, akaimba. Sauti ilikwama kwenye "nakuja," ikapita. Alipomaliza ubeti wa kwanza nilikuwa nimekwisha kutupa khanga na kuingia na sauti ya pili, machozi yananitoka bila haya. Wale wa besi wakainua vichwa. Serafina akarudi anahema, sijui nani alimwambia.

"Rudia," mzee akasema.

Tulirudia mara sita. Kila mara mzee alisimamisha wimbo na kuuliza. Anaitaje? Anamwita hata aliyezeeka? Hata aliyeimba nyimbo za upande mwingine? Bujiku akamjibu taratibu, wakati mwingine kwa Kiswahili, mara nyingi kwa Kisukuma. Spika za vijana zilikuwa zinatikisa bati la kanisa, na sidhani kama mwalimu alizisikia.

Vijana walipomaliza, Mwigulu akaja mbio na filimbi yake. Akasema kwa heshima zote kwamba, kwa kuwa tumepata bahati ya kuwa na manju mwenyewe, yeye ndiye atamke mshindi.

"Vijana," Mzee Mayala akasema papo hapo. "Jambo hilo linahitaji kuulizwa?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Bujiku. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavuka uwanja, mguu kwa mguu, hadi kwa Loveness.

"Shikamoo, mwalimu," binti akasema, jasho linamtiririka.

"Marahaba, mwanangu. Mmetupiga sawasawa. Ule wa mwisho nifundishe."

Tukala. Mzee Mayala alikula matobolwa ya beseni langu na kuyasifu, nami nikaangalia kama amesifu na ya Serafina. Hakuyasifu. Naandika hili ili mjue kwamba ugonjwa ule haukuwa wa mwalimu peke yake.

Mchungaji Benjamini aliporudi Jumanne na kusimuliwa, aliketi akashika kichwa, na mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Mashindano yakapigwa marufuku siku hiyohiyo. Kuanzia wiki hiyo, kila Alhamisi jioni, Mzee Mayala alikuja kwenye mafundisho ya ubatizo, akauliza maswali mpaka mchungaji akawa anakuja na daftari.

Alibatizwa Desemba, mvua zilipojaza lambo la ng'ombe. Spika zilibaki kanisani kwa sababu hakuna aliyetaka kuzibeba kwenye tope, kwa hiyo kwaya mbili ziliimba wimbo mmoja kwa koo walizozaliwa nazo. Habari ya manju wa Bagalu kuingia majini ilikuwa imefika mbali. Walikuja watu wa Kahama na wa Isaka. Walikuja wazee wa ngoma, wamesimama mbali kidogo wakijifanya wanapita, na wavulana wakapanda juu ya tuta la lambo ili waone vizuri. Mzee aliingia majini ameshika mkono wa mwanawe, akaitwa kwa jina lake, akazama, akainuka anapiga chafya.

Sikuweza kujizuia. Nilimkimbilia Bujiku nikiinua sketi juu ya tope.

"Mwalimu! Umeona watu?"

Alikuwa ameinama anamkausha baba yake kichwa kwa koti lake mwenyewe, taratibu, kuanzia kwenye lile sikio zima.

"Watu gani, Mama Wema?" akauliza.

Ndipo akainua uso akageuza shingo, akaona tuta lote lilivyojaa, akashangaa kama mtoto. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwahesabu. Mia moja na sitini na wawili, pamoja na waliojifanya wanapita. Niliimeza hesabu yangu, nikainama kumtafutia mzee kandambili zake kwenye tope.