Mkono Usiofika Sikioni

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilimruka mdogo wangu Leokadia akiwa amelala kwenye mkeka, kisha nikakataa kumrudia. Kwetu Ufipa mtoto aliyelala chini harukwi. Ukimruka anadumaa, anabaki na kimo kile ulichomkuta nacho. Dawa yake ni nyepesi: unageuka, unamruka tena kuelekea ulikotoka, na jambo linaisha. Nimewaona watu wazima waliomruka mtoto kwa bahati mbaya wakirudi bila hata kukatisha mazungumzo yao. Ila ni lazima arudi yule yule aliyeruka. Mwingine hawezi kumrudia kwa niaba yake.

Mimi nilimruka kwa makusudi, na chanzo kilikuwa kitabu.

Nilikuwa darasa la pili. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja tu nyumbani, na kilikuwa changu. Jumapili tukitoka kanisani, baba aliketi kwenye kigoda upande wa jua, nikamsomea kwa sauti. Leokadia alikaa mbele yangu, magoti yake yakigusa ya kwangu. Hakuna aliyemfundisha. Alifuata kidole changu na sauti yangu, na kwa kuwa alikuwa amenielekea, herufi alizijua zikiwa kichwa chini, miguu juu.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa kali na upepo ukipiga, aliniambia, "Kaka, umeacha mstari."

"Utajuaje wewe?"

Baba akachukua kitabu na kumpa. "Haya, tuonyeshe."

Leokadia akakigeuza juu chini, akausoma mstari nilioacha, kisha na uliofuata. Baba alicheka mpaka akafuta macho. "Bwana mkubwa," akaniambia, "kuanzia kesho huyu aende shule, wewe ukachunge mbuzi."

Alitania tu. Lakini mtoto wa miaka tisa anajua vizuri kujipima na wenzake. Anajua nani anakimbia kuliko yeye, nani anahesabu haraka, nani anasifiwa na baba. Miaka miwili nyuma utani ule ungenipita. Siku ile uliingia wote, neno kwa neno.

Mchana Leokadia alijilaza kwenye mkeka nje ya jiko. Bibi alikuwa mlangoni akipukuchua maharage. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikakimbia, nikamruka.

"Wewe mume wangu!" Bibi aliita akicheka, maana hivyo ndivyo alivyonitania. "Rudi ulikotoka."

"Sirudi."

"Mtoto atabaki hapo hapo."

"Na abaki!"

Bibi aliacha kucheka. Leokadia alikuwa ameamka, akatutazama kwa zamu, akaelewa. "Kaka, nirudie," alisema. Nikaenda zangu shambani, nikakaa kati ya matuta ya majani hadi njaa iliponirudisha.

Kwa zaidi ya wiki alinitegea njiani. Nikitoka jikoni, namkuta amelala kizingitini. Nikienda kisimani, yuko kwenye kijia, amenyooka kama gogo, macho ameyafumba kwa nguvu. "Haya pita basi, kaka. Kidogo tu." Mimi nilimzunguka. Mara moja nilikanyaga upupu ili tu nisipite juu yake, nikajikuna hadi nikatoka damu. Akanicheka, nami nikazidi kukaza. Siku ya kwanza nilikataa kwa hasira. Siku ya nne hasira ilikuwa imekwisha, ila sikujua tena namna ya kukubali bila kuonekana nimeshindwa. Siku moja akaacha kulala njiani. Nilidhani amesahau.

Hakusahau. Nilimwona nyuma ya ghala akipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akinyoosha vidole kutafuta sikio la kushoto.

Wasomaji wa umri wangu wanajua mkono ule. Watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kadi ya kliniki ya Leokadia ililiwa na mchwa. Kwa hiyo mwalimu aliuuliza mwili. Mkono ukipita juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili, mtoto ametimiza miaka saba, aandikishwe. Usipofika, arudi nyumbani.

Mwezi wa kwanza, nilipoingia darasa la tatu, bibi alimleta kuandikishwa. Sisi wa darasa la tatu tulikuwa tunafagia uwanja mbele ya ofisi, na meza ya mwalimu ilikuwa nje, hatua kama kumi kutoka kwangu. Mwalimu alikuwa mgeni, ametoka Mbeya, hakujua Kifipa. Bibi naye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi.

"Nyoosha mkono, mtoto mzuri," mwalimu alisema.

Leokadia akanyoosha. Kidole cha kati kiliishia juu ya sikio, pungufu ya upana wa kidole. Akainamisha shingo ili kukisogeza.

"Usiinamishe. Simama wima." Mwalimu akamnyoosha kichwa kwa upole. "Bado, bibi. Mlete mwakani."

"Anasoma huyu," bibi alisema. "Anasoma kitabu."

Watu kwenye foleni wakacheka. "Bibi, kwa bibi yake kila mtoto anasoma," mwalimu akasema, naye akitabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Aliinua kichwa akatuuliza sisi tuliokuwa na mifagio: "Kuna anayemjua huyu mtoto? Ni kweli anasoma?"

Nilimsikia vizuri. Nilijua pia kwamba nikisogea pale, bibi atasema mbele ya darasa zima ni nani aliyemruka mtoto hata mkono ukakataa kukua. Nikainama, nikaendelea kufagia mahali nilipokwisha kufagia.

"Mwakani," mwalimu akarudia, akamwita mwingine.

Mwakani haukufika. Mama alikuwa mjamzito, hali yake haikuwa nzuri, na wa kutuangalia sisi watoto hawakutosha. Mwezi wa tano shangazi alikuja kutoka Wampembe, kule ziwani, akaomba mtoto wa kumlelea kichanga chake, akaahidi kwamba shule ataanzia huko huko. Leokadia alitelemka naye. Kichanga kikafuatwa na kingine, na kingine tena. Hakuandikishwa kamwe.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimdumaza. Kisha, akiwa na miaka kumi na minne, alikuja kutusalimia, na alikuwa amenipita kwa kichwa kizima. Bibi akapiga vigelegele. Chuo kikuu, nikisomea ualimu, nilijifunza yaliyobaki: kwamba katika umri ule kichwa cha mtoto hukua polepole wakati mikono na miguu inarefuka, kwamba wa umri mmoja hutofautiana sana, na kwamba urefu wa mkono hausemi lolote juu ya akili. Nilijifunza pia kwamba ni katika miaka hiyo mtoto huanza kuelewa vizuri kuwa jambo linaweza kurudishwa kinyume hadi pale lilipoanzia. Nilifurahi kupita kiasi. Nilitoka darasani nikiwa mtu aliyeachiwa huru.

Mke wangu Yustina alinifungia tena, bila ukali wowote. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, shule ya Izia, miaka yake yote ya kazi. Nilimsimulia kisa hiki kama kichekesho, tukiwa tunachambua mchele. Alicheka penye upupu. Mwisho akauliza, "Na mwalimu alipouliza kama anasoma, Baba Deo, wewe ulijibu nini?"

Nikasema sikumbuki. Alinitazama kidogo, akaendelea na mchele. Alikuwa na desturi ya kutouliza mara mbili.

Yustina alifariki mwaka jana, mvua zikianza. Leokadia alipanda kutoka Wampembe na kukaa nami wiki tatu baada ya wengine kuondoka. Alipika, alifua, alipanga nguo za wifi yake nisizoweza kuzigusa. Asubuhi moja tulikuwa tumeketi kibarazani na uji. Nikahisi kwamba deni la jibu nililomnyima mke wangu naweza kulilipa kwa mdogo wangu. Nikamwambia yote: kwamba nilimsikia mwalimu, kwamba nilijua, kwamba nilinyamaza.

Alishika bakuli bila kunywa.

"Mimi nilidhani hukusikia," alisema. "Kulikuwa na upepo. Mlikuwa mnafagia. Wanangu wakiniuliza mbona wewe umesoma na mimi sikusoma, nawaambia, mjomba wenu angesikia angenisemea."

Nilikoroga uji wangu.

"Miaka yote, kaka, nimekaa na hilo." Aliweka bakuli chini. "Ungeniachia."

Kisha akaenda kuanua nguo, ingawa zilikuwa bado mbichi.

Aliondoka Jumamosi ile, kama ilivyopangwa. Tunapigiana simu. Ananiuliza kama nakula, namuuliza habari za ziwa, na yote mawili tunajibu vizuri. Nilidhani kukiri ni kwa ajili ya yule aliyekosewa. Sasa naona kwamba nilitafuta kupumua, na nikapumua kwa kumnyang'anya kaka aliyekuwa naye, yule ambaye hakusikia. Yustina angeliona hilo kabla sijafungua mdomo. Pengine ndiyo maana hakuniuliza mara ya pili. Aliniachia nafasi ya kukaa na jibu langu mwenyewe, nami sikuweza kukaa nalo.