Mzigo wa Mama wa Kwenye Matete

Haya yalinipata mimi, kwa mwili huu huu, mchana wa jua kali. Sikuhadithiwa na mtu na sikuota. Pombe niliacha siku mwanangu wa kwanza alipopata Kipaimara, na macho yangu mpaka leo yanachagua kokoto kwenye maharage bila miwani. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu tuendelee.

Mimi ni mtu wa Mbinga, wa huku juu kwenye kahawa na baridi. Mjukuu wangu Skolastika, tunamwita Skola, ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa lile joho la chuo. Najivuna? Najivuna, ndiyo. Mama yake alifariki mtoto hajaota meno, nikamlea mimi, nikamtafunia viazi kwa mdomo huu. Siku hizi anafanya kazi Songea. Mwaka ule tulipomaliza kuvuna kahawa akaja nyumbani akasema, "Bibi, nakupeleka likizo."

"Likizo ya nini? Nimeajiriwa na nani?"

"Ya kupumzika, Bibi. Twende ziwani. Utakula samaki, utakaa."

"Kukaa hata hapa nakaa."

Lakini nilienda. Nani anakataa kubembelezwa na mjukuu wake? Gari likateremka zile kona za kwenda Mbamba Bay, masikio yakaziba, sweta nikavua, na chini kule joto likanipokea kama mtu amefungua tanuri la matofali. Siku ya kwanza nilikula samaki wao, mbasa, mpaka nikaona aibu. Siku ya pili Skola akasema tupande kayaki.

Kwa wasioijua, kayaki ni mtumbwi wa plastiki, mwembamba, rangi yake ya kung'aa kama ndoo za dukani. Zinakodishwa upande wa Lundo, kwenye mto mmoja unaoingia ziwani. Jina la mto silitaji, watu wanatafuta riziki yao pale. Mwenye kayaki alikuwa Mnyasa mmoja wa makamo, Kastori, mwenye kofia ya ukindu na maneno mengi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba."

"Leo Mmatengo anaingia majini! Nasikia ninyi watu wa milimani mnaogopa maji hata ya kuoga."

"Na ninyi mnaogopa jembe. Ndiyo maana mmekaa ufukweni mnangoja chakula kije chenyewe."

Akacheka mpaka akashika magoti. Mtu mzuri, sitasema vinginevyo, ingawa siku ile nilimtukana baadaye. Alitufunga makoti ya kuelea, akanikalisha mimi mbele na Skola nyuma, maana kazi ya kuongoza ni ya wa nyuma. Akanipa kafi na mimi, la kujifurahisha tu.

"Bibi, usigeuke nyuma. Ukigeuka, hiki kitu kinapinduka. Mkitaka kuongea, ongeeni hivyo hivyo." Halafu akamwambia Skola, bila kumtazama machoni, "Mkifika kona ya matete msisimame. Piteni tu."

Nikadhani anasema mamba. Wewe ungedhani nini?

Nisiseme uongo, nilifurahi. Miaka yote hii ni mimi ninayebeba. Nimebeba maji, kuni, kahawa, watoto wa watu. Siku ile nilikuwa nimekaa tu, maji yananipeleka, mjukuu wangu anapiga kafi nyuma yangu na kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti ndogo. Nilitumbukiza vidole mtoni kama mtoto. Nikamwambia, "Skola, kumbe matajiri wana akili."

Tulikuwa tumeshageuza, tunarudi, ndipo nikamwona yule mama kwenye kona.

Alikuwa amesimama majini pembeni ya matete, maji yanamfika magotini. Kichwani ana tenga limefunikwa kitenge, na ngata chini yake. Shingo imelala upande kwa uzito. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye tenga, yanapita usoni, yanapita machoni, wala hakupepesa. Kifuani nguo imelowa chapachapa. Na chini, pale alipokuwa amesimama ndani ya mto, kitenge alichojifunga kilikuwa kikavu. Niliona. Naapa niliona, na bado sikuelewa ninachokiona, kwa sababu mimi nilikuwa natazama mzigo.

"Nipokeeni, wanangu," akasema.

Alikuwa mama wa miaka arobaini, labda na kidogo. Mimi hawezi kuniita mwanawe, nikajua ananena na Skola.

Skola akasema taratibu, "Bibi, yule baba alisema tusisimame hapa."

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa jambo ambalo nimewafundisha watoto wa kijiji kizima. Kwetu mtu akija na mzigo kichwani unamwendea, unampokea, salamu zitafuata. Mtoto anayemwacha mtu mzima ahangaike kujitua peke yake, tunauliza amelelewa na nani. Nami ndiye mlezi niliyekuwa nimekaa pale. Nikawaka.

"Umelelewa na mimi au umelelewa na mbuzi? Mama wa watu amelemewa, unampita ukimwangalia? Hayo ndiyo mliyosomea? Mpokee!"

Skola akasogeza kayaki. Kayaki ikatikisika, nikashika kingo, nikasikia nyuma yangu tenga linashuka.

"Umepokea?" yule mama akauliza.

"Nimepokea, mama."

"Umepokea kweli?"

"Nimepokea."

"Haya."

Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Shingo yake iliinuka polepole, kama tawi la kahawa likishachumwa, mpaka ikanyooka, na uso ukawa wa mtu aliyelala vizuri. Nikangoja aseme tumpelekee wapi. Hakusema. Akageuka akaingia kwenye matete, na matete hayakutikisika hata jani.

"Skola, anakaa wapi huyu? Mzigo tunaupeleka kwa nani?"

Kafi likaendelea, chwa, chwa, lakini zito, kama la mtu anayepiga maji akiwa usingizini. Na kila likishuka nilisikia pumzi. Haikuwa pumzi ya msichana. Ilikuwa pumzi ya mtu anayepanda mlima na gunia.

Kisha miguu yangu ikaanza kupanda juu. Mbele ya kayaki ilikuwa inainuka, kwa sababu nyuma ilikuwa inazama. Nikasikia matone kwenye plastiki, to, to, to, mgongoni kwangu, na maji baridi yakaanza kuja chini ya makalio yangu.

"Skola! Weka hilo tenga vizuri!"

Sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya Skola, ya mjukuu wangu kabisa, ile ile inayonipigia simu kila Jumapili.

"Binti," ikasema, "mbona unatetemeka?"

Binti! Niamini, nimekutana na chui njiani kwenda shamba, nimezika mume na watoto wawili, na sijawahi kuogopa namna ile. Mtoto niliyemwogesha ananiita mimi binti, kwa upole, kama mtu ambaye alikuwa mtu mzima kabla mama yangu hajazaliwa.

Nikajikaza. "Binti wa nani? Mimi ndiye niliyemzaa mama yako!"

"Tulia, mwanangu. Hapa si mbali." Na kafi likabadilika, nikaona mbele ya kayaki inageuka, inatazama matete.

Sasa ningefanya nini? Kugeuka siwezi, tungepinduka, na sikujua ningekutana na uso gani. Kuogelea sijui. Nilichojua ni kimoja. Mzigo uliopokewa hauwi wa mwenyewe tena, ni wa aliyeupokea, mpaka autue au apokewe. Na mtoto wangu hakuupokea kwa moyo wake, aliupokea kwa mdomo wangu. Nikaliachia kafi langu likaenda na mto. Nikanyoosha mikono yote miwili nyuma, juu ya mabega, viganja wazi, kama unavyomnyooshea mtu mlangoni.

"Lete nikupokee," nikasema.

Matone yakasimama.

"Wewe umezeeka," sauti ikasema. "Shingo changa ni nzuri. Inakwenda mbali."

"Shingo changa haijui kubeba. Hii imebeba gunia la kahawa na mtoto tumboni, kwa miguu, kwenye mteremko ambao wewe na maji yako hamjawahi kuuona. Imebeba mama yake huyo msichana mpaka kaburini. Lete."

"Umepokea?"

"Nimepokea."

"Umepokea kweli?"

Hapo nilisita. Nakwambia ukweli, nilisita. Nilifikiria kahawa yangu, na kitanda changu, na kwamba nilikuwa nimebakiza miaka michache tu ya kukaa. Kisha nyuma yangu nikasikia kikohozi kidogo, cha mtoto aliyenyweshwa maji, kile kile cha utotoni mwake.

"Nimepokea!" nikapiga kelele.

Uzito ukatua. Sikuona tenga wala sikugusa kitenge. Uliniingia viganjani, ukapita mabegani, ukakaa utosini, na mbele ya kayaki ikashuka ghafla maji yakanifika tumboni. Na nyuma yangu msichana akalia, "Bibi! Bibi, mbona mbele inazama? Bibi, shikilia!"

Alikuwa ameniita Bibi. Nikaanza kulia na kucheka pamoja, maana nilijua amerudi.

Skola alipiga kafi kama kichaa. Kastori alikuwa ameshatuona, akaingia majini mpaka kifuani akatuvuta. Kwenye kayaki hakukuwa na tenga. Alinitazama shingo, akavua kofia.

"Mmempokea," akasema. Hakuuliza.

"Ulijua! Ulijua, mwanaharamu wewe, ukanyamaza!"

"Nisamehe, Bibi. Ningesema, nani angepanda?" Sauti yake ilikuwa imekauka, utani wote umekwisha. Alinikalisha mchangani, akanieleza. Zamani, kabla ya babu yake, mama mmoja alivuka pale na mzigo wakati mto umejaa. Watu walikuwa wamesimama ng'ambo. Aliomba apokewe. Wakabishana nani aingie kwenye maji, na wakati wanabishana akazama na tenga lake kichwani. "Sisi wa hapa hatumpokei. Akituomba tunamwambia, tua, mama, upumzike. Akishaambiwa hivyo, anaondoka mwenyewe."

Nilimuuliza, na mimi je? Akasema hajui. Hajawahi kuona mtu aliyekubali.

Skola hakumbuki kitu baada ya "nimepokea." Anasema alisinzia kwa jua. Ni mzima, namshukuru Mungu, ameshaolewa na ananenepa. Mimi shingo yangu imelala upande tangu siku ile. Hospitali walinipiga picha, daktari akasema ni mifupa ya umri. Umri gani huo ulioanza siku moja saa tisa mchana? Padri ameniombea, na wakati wa maombi nilisikia nafuu, kisha nikafika nyumbani, uzito ukarudi. Asubuhi mto wa kulalia umelowa, na huku kwetu ni kiangazi. Skola ameniambia "tua, Bibi" zaidi ya mara moja, kwa machozi, lakini anasema kama mtu anayemridhisha mgonjwa. Hajui anachoniambia nikitue.

Majirani wanasema nimekuwa na roho mbaya. Nikitoka shamba na kuni, watoto wanakimbia kuja kunipokea kama nilivyowafundisha, nami nawafukuza kwa fimbo. Krismasi Skola alishuka kwenye gari akanyoosha mikono achukue kikapu changu, nikarudi nyuma mpaka nikaanguka. Alilia siku nzima.

Nayavumilia. Ninachoogopa ni kingine. Tangu masika yaliyopita, nikiwa nimechoka njiani na mtu kijana anapita, mdomo wangu unafunguka wenyewe. Mara mbili nimeuziba kwa kiganja. Neno linalotaka kutoka nalijua.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Ukimkuta mama pembeni ya maji ana mzigo, usimpite kimya, maana wale waliosimama ng'ambo ndio waliotuletea haya. Mwambie atue, apumzike. Lakini mikono yako iweke nyuma. Na ukinikuta mimi kwenye njia za huku Mbinga, bibi mrefu wa shingo ya upande, nisalimie kwa mbali. Usininyooshee mikono, hata nikikuomba. Nikikuomba, kimbia.