Gundi Kifuani mwa Koti

Siku yangu ya kwanza kazini, meneja wa ukaguzi, Mwingereza mpole mwenye kikohozi kisichoisha, alinipa koti jipya na wembe. "Lichane," akasema. "Hulijui koti mpaka ulione ndani."

Mimi ni fundi cherehani wa Unguja. Nilikuja Guangzhou kununua vitambaa katika soko la Zhongda, nikaishia kuajiriwa na ofisi ya manunuzi ya kampuni ya Uingereza iliyouza suti za kiume. Kampuni hiyo ilianza na duka moja la mshonaji, ikaenea hadi kila mji wa Uingereza. Huko kila baba alimpeleka mwanawe kununua suti ya harusi pale alipopelekwa yeye na baba yake. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka viwandani, kupima, na kusaini kabla ya mzigo kwenda bandari ya Huangpu.

Ninyi mnaonunua suti kwa macho, jueni hili: kifuani, kati ya kitambaa cha nje na bitana, hukaa kitambaa kigumu kiitwacho kanvasi. Ndicho kinacholifanya koti likae mwilini. Zamani kilishonwa kwa mshono mlegevu, kisogee na mwili. Katika kiwanda kikubwa kilichotushonea, chumba kizima cha kinamama kilifanya kazi hiyo chini ya Fundi Liang, mtu wa maneno machache.

Kisha akaja mkurugenzi mpya wa manunuzi. Akaagiza mshono uachwe, kanvasi ibandikwe kwa gundi na mashine ya joto. Fundi Liang akalowesha koti la mfano lililobandikwa gundi, akalikausha, akaniita. Kifua kilikuwa kimefanya malengelenge.

"Bwana Salum, usisaini hili," akaniambia. "Wao hawajui kushona. Wewe unajua."

Nikampelekea mkurugenzi lile koti. Hakuligusa.

"Wateja wetu hawaogelei na suti," akasema. "Utasaini, au nitafute wa kusaini?"

Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nikasaini.

Chumba cha kinamama kikafungwa. Fundi Liang alitakiwa asimamie mashine ya gundi, akakataa, wakampeleka kulinda lango. Kila nilipopita alinisalimu kwa adabu, nami nilishindwa kumtazama usoni.

Siwezi kusema gundi peke yake iliiua kampuni. Wanaume nao walipunguza kuvaa suti. Lakini makoti yalirudishwa, wenye makoti wasirudi, na maduka yakafungwa moja moja hadi kampuni ikafilisika. Barua ya mwisho ilituagiza tukate lebo za suti zilizobaki ghalani, ziuzwe bila jina. Fundi Liang alikuja kunisaidia bila kuitwa. Tukiwa tunakata, nilimwomba radhi, nikamweleza habari ya watoto.

"Najua," akasema, bila kuinua macho. "Mimi pia nilikuwa nao."

Sasa nimestaafu. Wafanyabiashara wa kwetu wanaokuja Guangzhou hunichukua sokoni niwakagulie suti kabla hawajanunua. Nikiona gundi mbaya, nakataa palepale, hata mwenye duka akinuna. Wananisifu kwa msimamo. Kukataa ni rahisi sasa, maana hakuna awezaye kunifukuza kazi.